Mnyama wa Baridi

Bogotá wana neno: lobo.
Kamusi itakwambia ni mbwa mwitu,
mkia mzito, meno, basi.
Lakini kamusi haijawahi kualikwa chakula cha mchana
kaskazini mwa mji, ambako kuta ni nyeupe
na meza ina tunda moja tu,
na tunda lenyewe haliliwi.

Huko ndiko nilikolijua.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasoma kwa mkopo,
viatu vya kuazima kwa binamu.
Mama yake Jimena alipokea kadi ya harusi ya watu fulani,
herufi za dhahabu, utepe, njiwa wawili wa kubandika,
akaiinua kwa kucha mbili
kama anayetoa unywele kwenye mchuzi.
“Lobo,” akasema.
Wakacheka. Nami nikacheka,
nimechelewa kidogo.

Nikalisoma neno hilo kuliko nilivyosoma uhasibu.
Manukato yanayobisha hodi kabla ya mwenyewe: lobo.
Gari lenye taa za zambarau chini ya tumbo.
Sofa lililovishwa nailoni lisichakae, nawe unakaa, linalia.
Kwa mwanamke hugeuka loba,
na hapo huota jino la ziada,
hapo hupimwa sketi, hupimwa na usiku wake.
Lina wingi, lina nomino, lina hata mguno wake puani.
Kinachokosekana ni nafsi ya kwanza.
Hujasikia mtu akisema: mimi ni.
Siku zote ni yule, ni wale,
ni ile nyumba ya kona.

Nyumba ya kona ilikuwa ya shangazi yangu.

Otilia Chaparro, miaka ishirini na miwili akichoma arepa
nje ya hospitali, alfajiri, pua imeganda.
Ghorofa ya kwanza ni arepa.
Ya pili ni arepa na madeni.
Ukuta wa nje kauvika vigae vya bafuni,
waridi na kijani, kutoka chini hadi paani,
“ili mvua nayo ipate pa kuogea.”
Langoni simba wawili wa saruji, makucha ya dhahabu,
mmoja ana makengeza
kwa kuwa fundi siku ile alikuwa amekunywa.

Nilipohitimu alikuja na gauni la feruzi,
puleki hadi kwapani,
begani ua kubwa kama kabichi.
Mpiga picha alipunguza mwanga wake.
Jimena aliniuliza kwa jicho tu,
nami, kabla hajafungua mdomo,
nikalitoa neno kama mtu anayelipa nauli:
“Loba kidogo.”

Shangazi alikuwa nyuma yangu, ameshika keki.

“Ndiyo nini hiyo?”
“Mnyama, shangazi.”
“Mnyama gani?”
“Wa baridi. Ana mkia mzito.”
Akanikatia kipande chenye ua la sukari.

Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Arepa zake zilikuwa nzuri, na alizitembeza,
maana karo yangu isingejitembeza yenyewe.

Mwezi wa pili yake nikaenda, Jumapili.
Kati ya simba ameketi wa tatu:
mbwa mwitu wa saruji,
manyoya yamechorwa kwa uma wa jikoni,
dhahabu hadi ncha ya mkia,
macho balbu mbili za buluu.
Fundi yuleyule, ila safari hii mkono haukutetemeka.
“Nimekuwekea mnyama wako.”

Sijui, hadi leo sijui,
kama kweli hakuelewa.
Miaka ishirini na miwili mbele ya madaktari,
wakimega arepa zake, wakisengenya wagonjwa,
kana kwamba mvuke hauna masikio.

Saa kumi na mbili akabonyeza swichi.
Ukungu ukawa buluu mtaa mzima.
Watoto wakapiga mayowe,
mmoja akambusu mnyama puani.
Shangazi hakumtazama mbwa mwitu.
Alinitazama mimi.
“Haya,” akasema, “waambie anaitwaje.”